Mchagua jembe si mkulima

Juma lililopita, wakati wa chakula cha mchana, niliketi na vijana watatu ambao tunafanya nao kazi ya kuunda programu za tarakilishi hapa Nairobi. Githeri ilikuwa haijapoa walipoanza kubishana. Mmoja alishikilia kwamba yeyote asiyeandika msimbo wake kwa Vim hajaijua kazi. Wa pili alimcheka, akasema kwamba mtu mwenye akili timamu hutumia Visual Studio Code. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mkimya, alieleza kwa fahari jinsi alivyotumia siku mbili nzima kubadilisha rangi za skrini yake. Saa moja ilipita hivyo. Niliporudi mezani pangu nilitambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametaja kazi iliyokuwa ikitungoja alasiri hiyo, yaani programu ya zahanati moja iliyokuwa ikihesabu dawa zile zile mara mbili.

Siwalaumu vijana hao. Ubishi wenyewe ni mkongwe kuliko wao. Programu iitwayo vi, ambayo ndiyo mzazi wa Vim, iliandikwa na Bw Bill Joy mwaka wa 1976 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Mwaka uo huo, Bw Richard Stallman na wenzake katika taasisi ya MIT, pia nchini Marekani, walianzisha Emacs. Tangu hapo wafuasi wa pande hizi mbili wamekuwa wakirushiana maneno kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, na mshindi hajapatikana hadi leo.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa shabiki sugu. Nilihama kutoka chombo kimoja hadi kingine, nikanunua kibodi ya bei ghali, nikajifunza njia kumi za kufanya jambo ambalo lilihitaji njia moja. Kila nilipohama nilijihisi nimekuwa fundi zaidi. Wahenga wetu, ambao hawakuwahi kuiona tarakilishi, walikwisha kunijibu zamani waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima. Nakubaliana nao, na katika makala haya ningependa kueleza jinsi nilivyofunzwa methali hiyo kwa aibu, na kwa nini nadhani inawahusu hata wasomaji ambao hawajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Mwaka wa 2011 kampuni iliyoniajiri ilipewa kandarasi na chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila alfajiri wanachama walileta maziwa katika vituo, karani akayapima na kuandika kilo za kila mmoja. Mwisho wa mwezi, programu yetu ilijumlisha kilo hizo, ikatoa gharama za chakula cha mifugo na mikopo midogo midogo, kisha ikachapisha orodha ya malipo. Wafugaji walikuwa mia tisa na ushei. Wengi wao hawakuwa na mapato mengine.

Katika afisi ya chama hicho palikuwa na karani mzee ambaye alikuwa ameanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Meneja alikuwa amemwarifu kwamba daftari halihitajiki tena kwa kuwa mtambo umekuja. Mzee aliitikia kwa heshima, kisha akaendelea kunakili kila kitu katika daftari lake kubwa jeusi. Nilimtania mara kadhaa. Nilimwambia, "Mzee, hiyo wino unaimaliza bure." Naye alitabasamu tu akaendelea.

Alhamisi moja jioni, siku mbili kabla ya malipo, niliona kwamba katika hifadhidata kulikuwa na rekodi chache za uongo tulizokuwa tumeziingiza kwa majaribio. Nilitaka kuzifuta kabla ya kuondoka kuwahi matatu ya mwisho. Niliandika amri ya kufuta, nikasahau kuongeza maneno ya kuiambia tarakilishi ifute zipi. Mtambo haubishani na mtu. Ulifuta maziwa yote.

Sikuogopa mara moja, maana tulikuwa na nakala za akiba zilizojitengeneza zenyewe kila usiku katika diski nyingine. Nilipoifungua diski hiyo ndipo miguu iliponiishia nguvu. Ilikuwa imejaa siku kumi na tisa zilizopita. Kila usiku tangu hapo mtambo ulikuwa umejaribu kuandika nakala, ukashindwa, ukanyamaza. Hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa na desturi ya kwenda kutazama. Maziwa ya siku kumi na tisa, ya watu mia tisa na ushei, hayakuwa mahali popote katika mashine zetu.

Nilimwendea yule mzee nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi nimewahi kupoteza hesabu, ila yangu ilikuwa ya wino. Vuta kiti tuandike." Tulikesha usiku huo na mingine mitatu, yeye akisoma kutoka katika daftari jeusi, mimi nikibonyeza. Malipo yalichelewa kwa siku nne. Jumamosi asubuhi, siku ambayo fedha zilitarajiwa, mama mmoja alikuja dirishani. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na alikuwa ameiahidi shule kwamba maziwa ya mwezi ule yangelipa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Basi ni Jumatatu, mwanangu?" Nilikosa la kumjibu.

Nataka msomaji akumbuke nilichokuwa nacho mezani wakati huo. Nilikuwa na kipakatalishi kipya, skrini mbili na programu ya kuandikia iliyopambwa kwa kila pambo nililolijua. Mzee alikuwa na kalamu na daftari. Katika siku ile ya hukumu, yeye ndiye aliyekuwa fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yetu ilikuwa imepotea kwa siku kumi na tisa bila habari hata kidogo.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni makosa ya kijana mmoja katika kampuni ndogo ya nchi maskini. La hasha! Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwahifadhia waandishi wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika usiku kurekebisha hitilafu. Alidhani yuko katika seva ya ziada, kumbe alikuwa katika seva kuu. Kati ya takriban gigabaiti 300 za hifadhidata, zilisalia 4.5 pekee alipotanabahi na kuikatiza amri yake. Kampuni hiyo ilikuwa na mbinu tano za kuhifadhi nakala, na zote zilipochunguzwa ikabainika kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Barua za kuonya kwamba nakala hazitengenezwi zilikuwa zikikataliwa na mtambo wa barua, kwa hivyo hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo ilikuwa imechukuliwa saa sita awali kwa kazi nyingine kabisa. Ni vyema kuongeza kwamba kampuni hiyo ilieleza kosa lake hadharani bila kuficha, jambo ambalo ni nadra.

Kuna kisa kingine cha kale zaidi. Mwaka wa 1998, katika studio za Pixar huko Marekani, mtu fulani alitoa amri ya kufuta mahali pasipofaa, na filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikiundwa ikaanza kutoweka wafanyakazi wakiitazama. Walipokimbilia nakala za akiba walipata kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Filamu iliokolewa na mkurugenzi mmoja wa ufundi, Bi Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua mtoto na kwa hivyo alikuwa na nakala katika tarakilishi ya nyumbani ili aweze kufanya kazi akiwa huko. Studio hiyo ilikuwa na vyombo ambavyo wengi wetu hatutawahi kuvigusa. Hata hivyo iliponyimwa desturi ndogo ya kukagua, ilitegemea bahati.

Je, basi mtu afanye nini? Baada ya kisa cha maziwa nilijiwekea desturi nne. Si za ajabu, na hakuna hata moja inayouzwa dukani.

Kwanza, nina daftari la karatasi. Kila siku naandika tarehe, nilichokusudia kufanya, nilichofanya hasa, na kilichonishangaza. Wenzangu hucheka kama nilivyocheka mimi. Lakini waliotutangulia katika kazi hii walikuwa na daftari pia. Septemba 1947, wataalamu waliokuwa wakiendesha tarakilishi ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amekwama ndani ya mtambo na kuuzuia kufanya kazi. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian mjini Washington, na nondo yumo. Mtambo wenyewe si kitu mbele ya simu iliyo mfukoni mwa msomaji, lakini ukurasa ule ungali unasomeka.

Pili, nafanya mabadiliko madogo madogo, na kila moja naliandikia sababu. Kwa hili kuna chombo kizuri kiitwacho Git, kilichoundwa na Bw Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya yeye na wenzake waliokuwa wakiunda Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo programu waliyokuwa wakiitegemea. Git huhifadhi historia ya kila badiliko, nani alilifanya na lini. Lakini haiwezi kujua kwa nini. Hilo lazima mwandishi alieleze kwa maneno yake. Nimefungua historia za programu nyingi humu nchini nikakuta neno moja, "marekebisho", limeandikwa mara mia mbili. Huo ni sawa na mkulima mwenye jembe zuri anayeliegemea tu ukutani. Mtu atakayeirithi kazi hiyo baada ya miaka mitatu atajua kwamba kitu kilirekebishwa, na hatajua kingine chochote.

Tatu, siamini nakala ya akiba mpaka nimeirudisha. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini mwenye ghala huingia humo mara kwa mara kutazama kama panya na fukusi hawajamtangulia. Siku ya kwanza ya kila mwezi nachukua nakala ya usiku uliopita, naifungua katika tarakilishi nyingine, nahesabu rekodi na kuzilinganisha na zile za mtambo mkuu. Kazi hii huchukua karibu nusu saa. Ningeifanya mara moja tu mwaka ule wa 2011, yule mama angalilipa karo yake kwa wakati.

Nne, sigusi mtambo unaotumiwa na watu wakati ninapokaribia kwenda nyumbani. Mtu anayetazama saa hatazami kazi. Jambo ambalo lingeweza kungoja asubuhi na lingoje asubuhi.

Naam, natambua kwamba nitapingwa. Msomaji atauliza kama nasema vyombo havina maana. Sisemi hivyo. Jembe butu humchosha mkulima hodari. Wale tuliofanya kazi hii kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009 tunakumbuka enzi za kutegemea setilaiti, ambapo kupata faili moja kubwa kungeweza kula usiku mzima, na stima ikipotea saa kumi alfajiri unaanza upya. Sitamani siku hizo zirudi. Chombo kizuri huokoa muda, na ni haki ya kila mfanyakazi kudai vifaa vinavyofaa. Ninachokataa ni kule kudhani kwamba muda uliookolewa hujigeuza wenyewe kuwa ustadi. Muda huo lazima mtu aupeleke mahali. Tunaupeleka wapi?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu vyombo vya akili unde vilipoingia. GitHub Copilot ilianza kuuzwa kwa umma mwaka wa 2022, na ChatGPT ikafunguliwa Novemba mwaka huo huo. Leo kijana anaeleza kwa maneno ya kawaida anachotaka, na msimbo unamiminika kwenye skrini kama maji ya bomba. Mimi pia navitumia vyombo hivi, na vimenisaidia. Lakini nimeona jambo linalonitia wasiwasi. Ninapomuuliza kijana kwa nini mstari fulani umeandikwa vile, ananijibu kwamba hakuuandika yeye. Jembe sasa linalima lenyewe, na mwenye shamba hajui kimepandwa nini. Yule mzee aliweza kueleza kila tarakimu katika daftari lake, ng'ombe wa nani alikuwa mgonjwa juma lile, na nani alileta maziwa kidogo kwa sababu alikuwa na matanga. Kama hatuwezi kueleza kazi tuliyoiwasilisha kwa jina letu, basi sisi si mafundi. Sisi ni matarishi wa kupeleka vifurushi ambavyo hatujavifungua.

Kosa hilo si la vijana peke yao. Waajiri wengi hufurahia kununua chombo kipya kwa sababu kina risiti, na risiti huonekana katika ripoti ya mwaka. Desturi haina risiti. Mfanyakazi akiomba nusu saa kwa mwezi ajaribu nakala za akiba, anaulizwa ataitoza kwa mteja gani. Akiomba siku moja aandike maelezo ya programu aliyoimaliza, anaambiwa kazi nyingine inangoja. Baadaye, siku mambo yanapoharibika, mwajiri yuyo huyo huita mkutano na kutangaza kwamba atanunua chombo kingine cha bei zaidi.

Hata katika elimu tumefuata njia hiyo. Mwaka wa 2013 serikali iliyoingia mamlakani iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka wa 2016 tabuleti zikasambazwa shuleni. Mjadala mkubwa wa miaka hiyo ulihusu vifaa, nani angepewa zabuni na kwa bei gani. Ni wachache waliouliza mtoto angefunzwa kufanya nini kila siku akishapewa kifaa hicho. Mwalimu anayemzoesha mwanafunzi kuandika alichojaribu, kilichoshindikana na sababu anayodhani, amempa msingi wa kazi yangu hata kama shule haina stima. Asiye na msingi huo atapewa tarakilishi ya kisasa na bado atafuta maziwa ya watu.

Nasema maziwa ya watu kwa makusudi. Zamani programu mbovu ilimsumbua mwenyewe na mwajiri wake. Siku hizi mshahara, kodi, matokeo ya mitihani, akiba za chama na rekodi za hospitali zote zimo ndani ya programu ambazo mtu fulani aliziandika, pengine Alhamisi jioni, akitazama saa. Mwananchi hana njia ya kumwona mtu huyo. Hajui kama ana daftari. Anamwamini tu, kama yule mama alivyoniamini mimi bila kunifahamu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vim itapita, Visual Studio Code itapita, na hivi vyombo vya akili unde tunavyovistaajabia vitaonekana vikuukuu machoni mwa wajukuu wetu. Mhunzi mwenye desturi njema atashika koleo jingine aendelee. Asiye nayo atabaki akilaumu koleo.

Yule mzee amekwisha kustaafu. Siku aliyoagwa nilisafiri hadi huko na kumpelekea zawadi. Nilifikiri sana nimnunulie nini, mwishowe nikamnunulia daftari kubwa jeusi na kalamu mbili. Alilifungua papo hapo, akaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, akaandika jina langu na kitu nilichomletea. Kisha akaniuliza, mbele ya wote, "Na zile nakala, mwanangu, umezikagua mwezi huu?"

Nashukuru kwamba nilikuwa nimezikagua. Nawaomba vijana wa meza yangu, na wenzao wote wanaobishana hivi sasa kuhusu majembe, wajiulize kama wao wangeweza kumjibu.